Kulwa Yuko Nje, Ananisubiri

Kulwa,

Shikamoo. Haya, nimekupa. Maisha yote ulidai nikuamkie eti kwa kuwa ulitangulia kutoka tumboni, na mimi nikakunyima, kwa sababu mtu haitwi mkubwa kwa kuwahi mlango. Leo chukua.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwako, hapa hapa Igogo. Mama yuko nje anaanua dagaa, mawingu yametanda upande wa ziwani. Kitanda chako wamempa Mjomba. Anakoroma kuliko wewe, na sikufikiri hilo linawezekana. Mimi nakula, nafua, naamka. Majirani wanasema Doto amejikaza. Sijajikaza, ndugu yangu. Hakuna ninachokikaza. Tangu siku ile wodini, ndani kwangu kumepoa tu, mithili ya uji uliosahauliwa mezani. Ulikuwa umeumwa mara nyingi mno. Selimundu tuliizoea kama tunavyozoea mgeni wa kila mwaka, inakuja, inakutesa, inaondoka, nasi tunakununulia soda. Ndiyo maana safari hii hatukuogopa. Mama alibeba hata shati lako la kurudia nyumbani.

Tulikuzika Magu, kwa bibi. Ungecheka, Kulwa, wallahi ungecheka. Mama alikuwa amemwomba mchungaji, na mchungaji akaja na joho lake, lakini bibi naye alikuwa amewaita akina mama wa nyimbo za mapacha. Unazijua zile nyimbo. Matusi mwanzo mwisho. Mchungaji akawa anatazama viatu vyake. Bibi akanishika mkono akanivuta pembeni, akaniambia, "Pacha haliliwi. Ukimlilia utamfuata." Mama akasikia, akasema, "Mama, mwacheni mtoto alie." Wakabishana pale pale kando ya kaburi, kila mmoja kanishika mkono wake. Wala hawakujua kwamba wanagombania machozi yasiyokuwepo. Nilitazama udongo ukiingia, nikawaza kwamba nina kiu.

Kisha ukaja usaili.

Unakumbuka tulivyouogopa? Chuo chenyewe kiko hapa hapa mjini, na mtu hapewi nafasi ya udaktari mpaka wamtazame usoni. Na mimi nikiogopa napata kwikwi, tena kwikwi za aibu, za kurusha mabega. Ukajifanya wewe ndiye chuo. Ukavaa miwani ya marehemu baba, ukakaa nyuma ya meza ya chakula, ukawa maprofesa watatu: mmoja mpole, mmoja anasinzia, mmoja kaamka vibaya. Yule aliyeamka vibaya ulimpenda sana. "Binti! Damu ukiiona si utaanguka wewe?" Nami kwik! Mama anacheka jikoni. Ukavua miwani ukanifundisha: nikitishwa nisitazame macho, nitazame masikio, kwa sababu hakuna binadamu mwenye masikio ya kutisha. Nimeze mate kwanza, nisijibu haraka kama kibaka aliyeulizwa jina. Na ukaahidi siku yenyewe utakuja, utakaa nje kwenye benchi na chupa ya maji na michembe ya viazi mfukoni, ili nikitoka, nimepata au nimekosa, nikukute.

Nilienda peke yangu. Mama alitaka kunisindikiza nikamkatalia. Nje ya kile chumba palikuwa na benchi kweli. Nilikaa mwisho kabisa, nikaacha nafasi. Wenzangu walikuwa hoi. Mmoja wa kutoka Kagera, kavaa suti ya kaka yake, mikono imezama ndani ya mikono ya koti, kila saa anakwenda chooni na kurudi. Akaniuliza, "Dada, we huogopi?" Nikajipapasa ndani kutafuta huo woga. Haukuwepo. Wala kwikwi haikuwepo. Nikamwambia atazame masikio yao. Akanishukuru kama nimempa mtihani ulioibwa.

Ndani walikuwa watatu. Usicheke. Mzee mmoja wa nywele nyeupe ndiye mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, na kijana wa kompyuta asiyetabasamu. Nikawaambia shikamooni, wakaitikia. Mzee akasoma jina langu na uso wake wote ukafunguka. Msukuma mwenzetu yule, nilimjua palepale. Akasema lile ambalo kila mtu wa huku ameniambia tangu nizaliwe, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji: "Doto! Karibu mwanangu. Na Kulwa umemwacha wapi?"

Nikasema, "Yuko nje, ananisubiri."

Sikufikiri, Kulwa. Mdomo ulijibu wenyewe. Mzee akafurahi, akanikaribisha kiti.

Wakauliza. Moyo, mapafu, kwa nini watoto wa kanda yetu wanapungukiwa damu. Wakauliza nitafanya nini ndugu wa mgonjwa wakikataa mgonjwa wao aongezewe damu. Nilijibu kama redio. Kila jibu lilikuwa sahihi na hakuna hata moja lililonihusu. Hata lile la kwa nini nataka kuwa daktari nililitoa kama tulivyolikariri: nina ndugu mwenye selimundu, nataka kumtibu yeye na wenzake. Lilitoka lote bila kukwama. Yule mama akaandika kitu huku anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mzee akaegemea kiti. "Umetulia sana, binti. Hapa wanaingia wanaume wazima wanatetemeka. Nani amekuandaa?" Nikasema, "Kulwa." Akapiga meza kwa furaha. "Basi kamwite! Aje tumpe mkono, tumalize."

Nikatoka.

Sijui nieleze vipi. Nilifungua mlango nikatazama benchi. Pale nilipoacha nafasi alikuwa amekaa yule wa suti. Akaruka, "Wameuliza nini? Wakali?" Nami, Mungu anisamehe, nikamtazama urefu wake, nikamtazama rangi yake, nikawaza: huyu angeweza. Nimshike mkono niingie naye, niseme ndiye huyu, wampe mkono, yaishe. Nilisimama hivyo nikimpima kama nguo ya mtumba. Halafu kifua kikaruka. Kwik. Ya kwanza tangu ufe. Ikafuata nyingine, na hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu nilikuwa nimetoka kukuita na hukuwepo.

Ningeweza kwenda zangu nyumbani. Nilirudi ndani. Nikasema, "Hayupo." Mzee akauliza, bado anatabasamu, "Kaenda wapi tena?" Nikasema, kwik, "Amefariki. Tumemzika Magu." Mabega yanaruka kama mtoto. Mama yule akaweka kalamu chini. Na yule kijana wa kompyuta, ambaye hakuwa amenena neno muda wote, akasema, "Kwa hiyo umetudanganya. Mara mbili." Nikatazama masikio yake, Kulwa. Hayakusaidia. Nikamwambia ndiyo, nimewadanganya, ila si kwa kupenda, mimi mwenyewe nimejua sasa hivi pale mlangoni.

Mzee akavua miwani, akasema kwa sauti ndogo, "Pole, mwanangu. Nimekuuliza kama tunavyoulizana wote." Lakini kijana hakuniachia. Akauliza, "Mgonjwa wako amekufa. Ndugu zake wako nje kwenye benchi. Utawaambia nini?"

Nikameza mate kwanza.

Nikasema nitawaambia amefariki. Nitatumia neno hilo hilo, sitasema hali imebadilika, sitasema tumempumzisha, kwa sababu sisi walituambia "hali imebadilika" na mama akadhani umepata nafuu, akatoa lile shati kwenye mfuko. Nikasema nitabaki pale wakishasikia, hata kama sina la kuongeza. Yote hayo kwa kwikwi, neno moja linakatika mara mbili. Mzee akaniambia nenda, mwanangu, upate maji.

Nilijua nimekosa. Nilimwambia mama nimekosa, akasema basi, Mungu ana mpango wake, akaniwekea ugali. Wiki zikapita. Majina yalipotoka mama alipiga vigelegele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja na sindano mdomoni. Nilikuwemo. Bibi alipigiwa simu Magu, akaimba kwenye simu, nyimbo zile zile. Nami nikaendelea kuosha vyombo. Nilingoja nifurahi, na furaha haikuja, nikaona basi, pengine ndivyo nitakavyokuwa.

Sasa niko hosteli. Leo nimekuja kuchukua neti tu. Mwenzangu wa chumbani ametoka Njombe, msichana mwenye aibu, anakunja nguo zake kama anazibembeleza. Siku ya kwanza nikamwambia, "Naitwa Doto." Akasema, "Mimi Neema. Kitanda cha juu au cha chini?"

Nikasubiri. Hakuuliza. Kwao Njombe jina langu ni jina tu. Kulwa, ni mtu wa kwanza maishani mwangu ambaye hakuuliza uko wapi. Nilikuwa nimelichoka lile swali, nilidhani siku wakiacha kuliuliza nitapumua. Neema akatandika shuka, akapanga sabuni yake, akauliza maji yanatoka saa ngapi, na hapo nikaona itakavyokuwa: miaka yote ya chuo, watu kutoka kila pembe ya nchi, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba kuna mtu amepungua.

Nikakaa kwenye kitanda cha chini. Nikasema, "Nina pacha wangu. Anaitwa Kulwa. Amefariki." Nikalia, Kulwa. Si sana, kama bomba letu siku ya mgao, linakohoa, linatoa kidogo, linakata. Neema alikuja akakaa karibu yangu na soksi zake mkononi. Kisha nikaacha kulia, na pakawa kimya tena ndani, lakini nilijua sasa kwamba maji yapo.

Mama ananiita, mvua imeanza, tuingize dagaa waliobaki. Lala salama, mkubwa wangu. Nami nakuahidi hivi: popote nitakapokaa, kwa yeyote nitakayempa jina langu, sitangoja waulize. Nitakutaja mwenyewe.

Doto