Hedifoni za Babu

Shoga, usinipigie, sauti sina. Babu ametutoka.

Nilikuwa darasa la fizikia la mtandaoni, nimebandika hedifoni, naeleza swali la mwendokasi. Mhadhiri akanikatiza: "Zima maiki, kwenu kuna mtu analia."

Nikamjibu, "Si kwangu. Kwetu kimya."

Kwetu kimya! Mdomo wangu huu!

Wenzangu wakaandika kwamba ni kwangu. Nikabisha, nikaendelea na hesabu.

Mhadhiri akasema taratibu, "Mwanangu, vua hizo hedifoni."

Nikavua. Mama alikuwa anapiga yowe chumba cha pili. Darasa zima lilijua kabla yangu.

Na hedifoni zenyewe alininunulia babu, eti kikohozi chake kisinisumbue nikisoma.

Sikusikia hata cha mwisho.