Maua Sita ya Namba Nne

Poltava, Jumapili

Mke wangu Solomiya,

Jana tulishinda moja bila. King'ora kilitushusha handakini mara mbili, vijana wakanitania, "Kocha, enzi zako za ubeki hukuwahi kukimbia hivi!" Viazi vya mama nimeshavichimba.

Baada ya mechi mashabiki walileta maua ya kuweka kwenye jezi namba nne, niliyoivaa mimi kabla ya mwanetu Nazar. Nikayahesabu: sita, idadi ya makaburini. Nikafoka, "Nani kawaambia amekufa? Yuko vitani, hajaonekana tu!" Nikachomoa moja, yakabaki matano, idadi ya walio hai. Wakaniomba radhi.

Solomiya, hawakukosea. Kamanda wake alinipigia simu Jumanne. Lile ua la sita bado ninalo mfukoni.

Mumeo,
Zenoviy