Waya Mbili za Jua

Butembo. Jumatatu, 11 Julai 1960
Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Tangu asubuhi kalamu mbili za mashine, moja ya mawimbi ya kulia na moja ya kushoto, zinachora mistari minyoofu. Jua limetulia. Likilipuka, mawimbi yake ya redio huja yakijizungusha, na kazi ni kujua yanazunguka upande gani. Bwana, mzungu wa kituo hiki cha kupima jua, alikimbilia Uganda juma lililopita. Aliniachia funguo, daftari lake na pipa moja la esansi, petroli ya jenereta. Nimechoka kufanya kazi ya watu wawili.

Jumatano, 13 Julai
Radi mchana. Nimechomoa waya mbili za sahani, ile antena kubwa ya kunasa mawimbi, kisha nimezirudisha mwenyewe. Mara ya kwanza. Miaka sita Bwana alinikataza kuzigusa. Masika, mke wangu, anataka twende kwao Masereka kabla wanajeshi walioasi hawajafika. Nimekataa. Amenuna.

Ijumaa, 15 Julai
Mlipuko, saa nne na robo. Kalamu ya kulia ilipanda hadi ukingo wa karatasi, ya kushoto ikabaki chini. Nimetia sahihi yangu pale ambapo siku zote ilikuwa ya Bwana. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumamosi, 16 Julai
Wanajeshi wamefika. Mkubwa wao aliielekezea sahani bunduki. "Hii inaongeaka na nani?"
"Hapana ongea, chef. Inasikilizaka jua tu."
Alicheka. Wakabeba pipa la esansi. Bila jenereta hakuna kupima tena. Karatasi ya jana ndiyo yote niliyo nayo. Masika ameanza kukunja nguo zetu. Nina hasira, na aibu mbele yake.

Jumapili, 17 Julai
Baada ya misa nilikwenda kufunika sahani kwa turubai. Nyuma yake nikaona herufi alizopaka Bwana, D ya kulia na G ya kushoto, kwa Kifaransa chake. Yeye aliunganisha waya akiwa nyuma, uso kwa jua. Mimi nilisimama mbele. Kulia kwangu ni kushoto kwake. Mlipuko wote nimeuandika kinyume. Naweza kubadili majina ya kalamu nikanyamaza. Hakuna atakayejua. Najichukia.

Jumatatu, 18 Julai
Nimeandika chini ya mchoro: waya zilipishana, kulia pasomwe kushoto, kosa ni langu. Na jina langu lote. Kisha nikafungua daftari la Bwana, nione yeye aliyaandikaje makosa yake. Miaka sita, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna kosa hata moja alilokiri.
Masika amefunga mizigo. Kesho Masereka. Nabeba karatasi yangu. Daftari lake nimeliacha mezani.