Niliyemutafsiri ni Nestor

Muhindo, jirani yangu wa zamani, uko? Nimemuona Nestor. Mutoto wangu. Katika filme.

Leo nyuma ya misa, hapa Sake, walituonyesha documentaire, filme ya mambo ya kweli, juu ya watu wanaolala barabarani Bujumbura na kujidunga heroini. Yote ilikuwa Kifaransa. Padiri akasema, "Papa Apollinaire alisoma masomo ya jioni, atatutafsiria." Nikasimama na kravati yangu shingoni. Unanijua, nilifurahi.

Halafu kijana mumoja akatokea. Uso wake waliuficha, na sauti yake waliifunika kwa sauti ya Mufransa. Lakini mukono wenye sindano ulionekana. Kidole gumba kifupi, kile panga ilikata kule Nyabiondo na wewe ukakifunga na kitambaa chako. Kidole kile kile, Muhindo.

Sauti ikasema jambo. Nikaendelea kukitazama kidole. Mama Solange akauliza, "Papa, anasema nini?"

Nikatafsiri neno kwa neno, vile alisema: "Baba alinifundisha kusoma. Alishakufa."

Alishakufa. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, na sauti haikutetemeka.

Watu wakanong'ona: masikini, kama baba yake angekuwa muzima. Miaka ine nawaambia Nestor iko université. Na mimi njo nilimukataza kurudi bila diplome.

Wakati wa kutoka, Mama Solange akanishika mukono. "Papa, Kifaransa yako ni ya kweli."

Jumapili ijayo wanaionyesha tena kwa vijana, wanataka nitafsiri. Nimekubali. Kwa sasa filme ile njo mahali pekee ninapoweza kumuona.