Kwa Dada, Aliyewalazimisha Wafaransa Kusalimiana

Dada yangu mpendwa,

Sheria yako imepita! Nakuandikia sauti ikiwa imenikauka kwa kelele za jana.

Unakumbuka meza yako ya kulia kule Kitale? Tuliitandika shuka la kijani, tukasukuma vitabu chini yake viwe vilima, nawe ukapanga vijiaskari vyako vya kuchezea vya vita vya Napoleoni. Makoti mekundu ya Waingereza uliyapaka kwa rangi yako ya kucha. Shemeji alipouliza chakula kitaliwa wapi, ulimjibu, "Ngoja kwanza Wafaransa wavuke daraja." Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Kitabu cha mchezo kilisema amri ya jenerali inafika papo hapo. Wewe ukakataa katakata. Amri lazima ibebwe na mjumbe, na mjumbe hatoi amri kabla ya kusalimia. Tulirusha dadu. Ikitoka sita, mjumbe anauliza habari za mama, watoto, ng'ombe na mahindi, na zamu inapita bure. "Mtu mwenye adabu hafiki tu na kuanza kufoka," ulisema.

Ulipotuacha, nilivileta vijiaskari kwangu Kanduyi. Wenzangu wa mchezo hapa Bungoma walivipenda, lakini sheria yako waliicheka. Hamisi, muuza vipuri vya baiskeli ambaye ndiye kiongozi wetu, alisema wazi: "Ati vita visimame watu wasalimiane? Hapana, bana. Tujaribu mara moja tu. Ikiharibu mchezo, tunaitupa."

Nilikubali kwa shingo upande, dada. Vijiaskari vilinunuliwa dukani. Sheria ile ilikuwa wewe mwenyewe.

Jana tukaijaribu, mimi mwamuzi, Hamisi jenerali wa Wafaransa. Alipoona daraja linamponyoka, alituma mjumbe awaite wapanda farasi. Dadu ikatoka sita. Chumba kizima kikamsaidia mjumbe: "Mama hajambo? Mahindi mmepalilia?"

"Si mmwambie aharakishe!" Hamisi akalia.

Zamu iliyofuata, sita tena! Akainuka, akamnyakua jenerali wake. "Basi naenda mwenyewe!"

Hilo uliliruhusu katika sheria yako, mradi jenerali akubali kuhatarisha maisha yake. Akamweka mbele ya farasi, akafumba macho, akarusha dadu. Wakavuka! Tulipiga mayowe hadi majirani wakaja kuchungulia. Sijawahi kuona watu wazima wakikumbatiana kwa ajili ya daraja la mbao lenye urefu wa kiganja.

Hamisi alijifuta jasho. "Hii sheria haitoki hapa. Nani aliitunga?"

"Dada yangu."

"Sasa si umlete Jumamosi tucheze naye!"

Hakujua. Machozi yalinitoka nami bado nacheka. Tangu tukuzike, watu wananipa pole tu. Huyu ndiye wa kwanza kukualika.

Karibu Jumamosi, dada.

Mdogo wako, anayetamba mji mzima kwa ajili yako