Wikio la Khairiya

Amu, 3 Machi 1966

Mwanangu Mohdhar,

Salamu alekumu. Sisi hatujambo, ila magoti yangu. Kifua chako je?

Nduguyo Khairiya kaposwa na Amini, harusi ni baada ya maulidi. Ada yetu waijua: binti haondoki kwao, mume ndiye aingiaye, nasi chumba hatuna. Jirani yetu Bi Ummu, wa ng'ambo ya ndia ipitayo mlangoni petu, katuruhusu tuegemeze boriti ukutani kwake, tumjengee Khairiya wikio, chumba cha juu ya ndia, kama walivyojenga wazee. Boriti zi uani tayari. Yana asubuhi kaja bwana wa baraza la mji, kasema ndia ni ya umma hata juu angani, na asiye na ramani yenye muhuri wa Mombasa atabomolewa. Ofisi ya mihuri ndiyo yako. Tusemee.

Mamako, Swafiya

Mombasa, 20 Machi 1966

Mamangu mpenzi,

Nabusu mikono yako. Kifua kimepoa, alhamdulillahi.

Mama, sheria haimtazami mtu usoni. Nikikupitisha wewe mlango wa nyuma, wengine nitawaambia nini? Ramani nimeichora mwenyewe, iko kwenye foleni. Nakusihi, usiweke hata jiwe moja kabla ya muhuri. Amini asubiri kidogo.

Mwanao, Mohdhar

Amu, 2 Juni 1966

Mwanangu,

U mzima? Mbona kimya? Fundi kachoka kungoja, kaenda kujenga Pate. Mamake Amini kaja kutazama wikio, hakuona ila mbingu. Nami kila aulizaye namwambia, mwanangu kasema tungoje.

Mamako

Mombasa, 28 Novemba 1966

Mamangu,

Hamjambo nyote? Muhuri umepigwa! Ramani hii hapa, mwiteni fundi. Subira huvuta heri. Nipe siku ya harusi niombe likizo.

Mwanao, Mohdhar

Amu, 20 Desemba 1966

Bwana Mohdhar,

Salamu alekumu. Ramani imefika.

Amini kaoa mwezi wa saba, Shela, kwa watu wenye chumba. Mamake alituletea sahani ya biriani ya harusi, na aliyeipokea mlangoni ni Khairiya. Tangu siku ile hasemi nami, kwani mimi ndiye niliyemzuia fundi. Boriti zimeliwa na mchwa, zilizosalia twapikia futari.

Yana usiku Khairiya kaikunjua ramani yako, kaitazama sana. Kasema peke yake, "Hata dirisha kaniwekea." Kisha kaipasua akafungia bizari.

Ukija kwa idi, fikia nyumba ya wageni ya serikali. Hapa chumba hatuna.

Swafiya binti Bwanamkuu