Kikombe Alichokisukuma

Bariadi, Jumanne

Ningemmwagia maji ya betri, si chai tu.

Muda wote huu nahariri tasnifu ya huyu msomi wa chuo kikuu kuhusu vikongwe wanaokatwa mapanga huku kwetu kwa sababu ya macho mekundu. Ameandika wazi kwamba si uchawi, ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Sentensi ile niliinyoosha mimi.

Leo kaja nyumbani kuchukua sura ya mwisho. Mayu, mama yangu, akamletea chai kwa mkono wake mmoja. Ule mwingine waliukata kijijini, siku waliyotuvunjia mlango. Msomi akamtazama macho yake mekundu. Shikamoo ikamfia mdomoni. Akakisukuma kikombe mbali kwa ncha ya kalamu.

Nikakinyanyua, nikammwagia kifuani. Alitoka anapiga mayowe.

"Mwanangu, mgeni unamuunguza kwa nini?" Mayu akauliza.

Nikamwambia kimeniponyoka.

Kesho anarudi kijijini kwetu kuagana na watu aliowahoji. Kule wanadhani Mayu alikufa; sasa yeye anajua yu hai, na anajua nyumba tuliyojificha. Godoro la Mayu nimelihamishia chumbani kwangu. Panga liko chini ya mto wangu.